Shabiki lialia si chawa

Siku hizi ukiandika mtandaoni kwamba umeupenda wimbo mpya wa Diamond Platnumz, simu hujaiweka chini umeshaitwa chawa. Ukimsifia Alikiba, chawa. Ukimpigia debe Harmonize kwa bando lako mwenyewe, nawe chawa. Neno limekolea midomoni mpaka halichagui wa kumng'ata, na mimi nasema linawaonea watu wengi.

Chawa wa Bongo tunamjua. Ana tajiri wake, anasifu kwa kulipwa au kwa kutarajia kulipwa, na siku bosi akibana mkono anahamia kichwa kingine. Shabiki lialia ni kinyume chake kabisa: yeye ndiye anayetoa. Ananunua bando, ananunua tiketi, anakesha akipiga kura ili msanii wake apate tuzo, na huyo msanii hajui hata kama yupo duniani. Binti wa dada yangu hapa Makorora, Tanga, ni wa namna hiyo. Hajapokea shilingi ya mtu. Jamaa mmoja wa ukoo akamwita chawa mbele za watu, mtoto akanyamaza mpaka usiku. Iliniuma sana, kwa sababu kupenda muziki kiasi hicho ni jambo jema, na sisi wa pwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa.

Maana mambo haya kwetu si mageni. Mwanzoni mwa karne iliyopita miji ya pwani, Tanga ikiwamo, iligawanyika kwa ngoma ya beni: huku Marini, kule Arinoti. Watu walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakashindana kwa gwaride na kwa karamu mpaka mifuko ikatoboka. Unguja nako vikundi vya taarab vya akina mama vilijiita hata Royal Navy na Royal Air Force, majina ya majeshi ya Waingereza. Leo mashabiki wa Rihanna wanajiita Navy, wa BTS, kundi la Korea Kusini, wanajiita ARMY, na Harmonize anajiita Jeshi, nasi tunadhani mambo haya yamezaliwa na intaneti! Hapa Tanga zikaja bendi za taarab, Black Star na Lucky Star, na kila moja ilikuwa na watu wake wasiosikia la mtu. Mama anainuka kwenye kiti, anakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, anamtunza kwa pesa, na anahakikisha yule aliyekusudiwa na ule ubeti amemwona akitunza. Huo ndio ulialia wenyewe.

Lakini yule mama alichamba uso kwa uso. Kesho yake angekutana na hasimu wake sokoni Ngamiani, au kwenye arubaini ya mtu, na wote wawili wangeshika sufuria moja. Mashabiki wa Coastal Union na African Sports wanatupiana maneno makali uwanjani Mkwakwani, na bado wanaoleana. Kujuana kuliweka mpaka.

Mtandaoni mpaka huo haupo, na hapo ndipo ninapoagana na hao vijana ninaowatetea. Wenzetu wa Marekani shabiki wa kupindukia wanamwita stan, na wengi wanajiita hivyo kwa fahari. Kamusi ya Merriam-Webster ililiingiza neno hilo mwaka 2019. Limetokana na wimbo wa Eminem wa mwaka 2000. Ndani yake kijana Stan anamwandikia msanii barua juu ya barua, jibu halijafika, hasira zinampanda, na mwisho gari lake linatumbukia majini kutoka darajani huku amemfungia mpenzi wake mjamzito kwenye buti. Msanii hakuguswa hata ukucha. Aliyeangamia naye ni mtu wa pembeni.

Ndivyo ilivyo kwenye vita vya timu za Bongo. Tukana matusi ya Team Diamond na Team Kiba uwezavyo, wasanii wenyewe wanaendelea kuuza nyimbo. Anayeumia ni mama mzazi wa msanii, ni mzazi mwenzake, ni mtoto mchanga anayejadiliwa sura yake na watu wasiomjua, ni binti aliyesema tu kwamba wimbo haukumkolea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumwandama mtu namna hiyo, ila shabiki anayetukana saa nane za usiku haifikirii sheria.

Anamfikiria msanii wake. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kumzuia ni huyo huyo msanii. Nguvu ya kundi ikielekezwa pazuri hufanya makubwa: Juni 2020 BTS walipochangia dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, vuguvugu la kutetea Weusi, mashabiki wao walichanga kiasi hicho hicho kwa siku chache tu. Na Juni 2023, jukwaani Minneapolis, mwimbaji wa Marekani Taylor Swift kabla hajaimba wimbo wake wa zamani aliwaomba mashabiki wasimwandame mtandaoni mtu yeyote wanayedhani ndiye aliyeimbwa. Hakumtaja mtu, hakugombana na mtu. Alisema yake, akaimba.

Nyota wetu wanapokuja Mkwakwani hutuomba tupunge mikono, tuwashe tochi za simu, tuimbe nao kiitikio, nasi tunafanya yote bila kuuliza. Waombe na hili.