Maudhi ya dawa na madhara yake ni mambo mawili

Siku ya kwanza nilipotambua kwamba dawa imeniingia mwilini, nilikuwa mbele ya ubao nikiwaeleza wanafunzi wa biokemia jinsi asidi inavyokutana na besi. Ilikuwa Februari 2022. Katikati ya sentensi ulimi ulinata kwenye kaakaa kama karatasi iliyopakwa gundi, maneno yakatoka vipande vipande, na msichana mmoja wa dawati la mbele, kwa adabu zake zote, akanisogezea chupa yake ya maji akisema: "Kunywa kidogo, mwalimu." Nilikunywa, na baada ya dakika tano kinywa kilikuwa kikavu tena kama mawe ya lava tunayojengea kuta zetu hapa Goma. Nyuma ya darasa nilisikia mtu akinong'ona kwamba mwalimu amekesha kwenye pombe ya kasiksi. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba vile vidonge vidogo nilivyokuwa nikimeza kila jioni hukausha mate.

Nilivyofika kwenye vidonge hivyo ni habari inayofanana na za wengi katika mji huu, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilishuka hadi Buhene ikaimeza nyumba niliyoijenga kwa miaka tisa. Tulipona sote, na kwa miezi kadhaa nilijisifu kwamba nimelipokea jambo hilo kiume. Kisha, watu walipochoka kutupa pole, usingizi ukaanza kunikimbia. Nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku na kukodolea mabati macho hadi alfajiri. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, hata za kukaanga zilikuwa kama vumbi mdomoni. Daftari moja la mwanafunzi lilinichukua saa nzima kulisahihisha. Nilipimwa malaria mara tatu, nikapewa vitamini, nikawekewa mikono katika chumba cha maombi. Nyumbani tulisema tu kwamba baba ana "mawazo mingi". Neno sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, nilikuwa nimelisikia redioni, lakini sikudhani kwamba linanihusu mpaka daktari mmoja aliponieleza kuwa huo ni ugonjwa, una dawa, na haushughulikiwi kwa kumtafuta mchawi.

Alisema vizuri, na bado ninamshukuru. Ila baada ya hapo aliandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi, akasema "kimoja kila jioni, kisha tutaongeza", na akamwita mgonjwa aliyefuata.

Dawa yenyewe ilikuwa amitriptilini. Si dawa ya jana: Marekani iliiidhinisha mwaka 1961, bei yake ni ndogo, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana unaweza kuipata hata kwenye duka la dawa lenye rafu mbili. Wala si dawa dhaifu. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 116,000 na dawa 21 za sonona. Zote zilishinda kidonge kisicho na dawa ndani yake, na amitriptilini ndiyo iliyotangulia kwa nguvu ya kutibu. Lakini nguvu hiyo haichagui pa kugusa. Dawa hii huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo mwili huitumia kuamuru tezi za mate, utumbo na kibofu, na wakati huo huo huzuia histamini, ambayo ndiyo hutuweka macho na pia huhusika na hamu ya kula. Mwalimu wa kemia angepaswa kuyajua hayo mapema, najua. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa sonona hana nguvu ya kufungua kitabu, hata kama kitabu ni chake mwenyewe.

Basi nikayajua kwa mwili. Choo kilikuwa kigumu hadi siku nne. Asubuhi nilipoinuka kitandani kwa haraka, damu ilichelewa kufika kichwani, na mara moja nilianguka juu ya bidoni ya maji nikaipasua, mke wangu akaamka akidhani ni wezi. Suruali zilibana. Kwa upande mwingine, na hili nalo lazima lisemwe, usingizi ulirudi. Ulirudi mzito, wenye uzito wa mtu aliyebeba gunia la makaa kutoka Kibumba, lakini ulirudi, na mwishoni mwa juma la nne niligundua kwamba nilikuwa nimecheka kwa mzaha wa dereva wa moto, yaani pikipiki, bila kujilazimisha.

Watu wa afya wanalo neno zuri ambalo sikulijua wakati huo: maudhi. Husema "maudhi madogo madogo" wanapozungumzia kero za dawa, na nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa muuguzi mmoja mwanamke, baada ya miezi mingi ya kuhangaika. Aliniambia kwa lugha ya mama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara kwamba maudhi ni kile kinachokusumbua huku ukiendelea, na madhara ni kile kinachokutaka usimame. Kinywa kikavu ni maudhi: tembea na maji, tafuna kitu, kitapungua. Kizunguzungu cha kuinuka ni maudhi: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Lakini ukishindwa kabisa kukojoa, moyo ukianza kudunda bila mpangilio, ukizimia, hayo ni madhara, na huyasubirishi mpaka siku ya miadi. Vivyo hivyo mawazo ya kutaka kujidhuru yakikujia au yakiongezeka, hasa katika majuma ya kwanza na hasa kwa vijana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwenye vifurushi vya dawa hizi mwaka 2004 kwa ajili ya watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Akaongeza kwamba amitriptilini nyingi kwa mara moja inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo plaketi ya vidonge isikae pale mtoto anapofika. Maelezo yote hayo hayakumchukua dakika kumi.

Dakika kumi hizo zingeniokoa na mwezi Mei wa mwaka ule. Nilikuwa nimechoka kuitwa mlevi, nikajiona nimepona, nikaacha vidonge siku moja kama mtu anayezima taa. Siku ya tatu nilianza kutapika asubuhi, jasho la usiku likalowesha shuka, na ndoto zikaja nyekundu tupu, lava juu ya lava. Shemeji yangu alitoa hukumu yake mezani: "Hizi dawa ni kama pombe, ukiingia hutoki." Nilimwamini kwa muda. Sasa namwona amekosea nusu. Dawa za sonona hazimfanyi mtu azitamani na kuziiba kama mlevi anavyotamani chupa, lakini mwili huzizoea, na ukizinyang'anya ghafla hulalamika. Zinaachwa kwa kushuka ngazi, tena pamoja na aliyekuandikia. Nilichokichukulia kuwa ugonjwa uliorudi, kwa sehemu kubwa, kilikuwa malalamiko ya mwili.

Daktari wa pili alinibadilishia nikaingia kwenye fluoksetini ya miligramu 20, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 na kuingia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Safari hii nilionywa kwamba majuma mawili ya kwanza nitakuwa na kichefuchefu na wasiwasi wa mikono isiyotulia, na kweli nilitembea huku na huku katika ofisi ya walimu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Sikuacha, kwa kuwa nilijua ni nini. Katika uchambuzi ule wa 2018, fluoksetini ilikuwa mojawapo ya dawa mbili tu ambazo wagonjwa walioziacha njiani walikuwa wachache kuliko hata walioacha kidonge kitupu. Naliona hilo si ajabu, mradi mtu ameandaliwa.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hata huyo daktari mwema alilimeza. Nitalisema waziwazi, kwa kuwa ukimya wake unavunja nyumba. Hamu ya mwanamume kwa mke wake ilipungua, na hata ilipokuwepo, mwili ulichelewa kufika mwisho au haukufika kabisa. Nilianza kulala nikiwa nimegeukia ukuta. Baada ya miezi miwili mke wangu alizima redio usiku mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini sana: "Baba Furaha, uniambie tu. Kuna mwanamuke mwingine?" Nikamweleza kuwa ninashuku vidonge. Alinyamaza, kisha hasira yake ikapata mwelekeo mpya: "Na ule daktari alishindwa nini kukuambia?"

Tulikwenda wote wawili kumuuliza. Alikiri kwamba ni jambo linalowapata wengi wanaotumia dawa za jamii hii, na kwamba halisemi mapema kwa sababu wanaume wakilisikia hukataa kuanza. Ninaielewa hofu yake, na bado naona hesabu yake ina kosa. Mwanamume asiyeambiwa huanza, ndiyo, lakini mwezi wa tatu huacha kimyakimya, au huenda kununua mizizi ya nguvu sokoni, au huamini kwamba amerogwa, na mke wake huamini kwamba ameachwa. Anayeambiwa hupewa njia: kusubiri kuona kama litapungua, kupunguza kipimo, kubadili dawa. Sisi tulichagua kubaki pale pale kwa mwaka mmoja, tukijua tunachokilipa na tunachokinunua. Usiku ule mke wangu alisema afadhali mume mwenye uvivu kuliko mume aliyekufa macho yakiwa wazi. Sina hakika kama ulikuwa utani.

Kuna hatari nyingine ambayo katika mji wetu ingefaa kubandikwa kwenye kila mlango wa duka la dawa, nayo ni tramadoli. Kila mtu anaijua: madereva wa moto huimeza ili mgongo usiume, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nao. Mwaka 2023 jino lilinitesa, nikanunua vidonge viwili kwenye kibanda kimoja bila kuulizwa chochote. Jioni mikono ilitetemeka hata sikuweza kushika kijiko cha bugali, meno yakagongana, jasho likanitiririka huku mapigo ya moyo yakikimbia. Fluoksetini na tramadoli zote mbili huongeza kazi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na zikikutana zinaweza kuipandisha hadi kuwa sumu. Juu ya hayo, fluoksetini huzuia ini lisiigeuze tramadoli kuwa ile hali inayotuliza maumivu vizuri. Nilijitia hatarini, na jino likaendelea kuuma. Hili halikuwa maudhi.

Inanichekesha kidogo kukumbuka kwamba dawa hizi zimezaliwa kutokana na athari ambayo hakuna aliyeitafuta. Mwaka 1952, katika hospitali moja ya kifua kikuu huko Staten Island, New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi kwa ajili ya mapafu walionekana kuchangamka kupita kiasi, na kutoka hapo madaktari wakaanza kuiangalia kama dawa ya huzuni. Athari ya pembeni iliandikwa na kuchunguzwa, ikageuka kuwa matibabu. Sisi tunaificha. Hapa plaketi hukatwa kwa mkasi, mgonjwa akaondoka na vidonge kumi ndani ya karatasi ya daftari, na maelezo yaliyokuwa ndani ya boksi, ya herufi ndogo na ya Kifaransa au Kiingereza, hubaki dukani.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na maduka ya dawa kufungwa, nilikuwa na vidonge kumi na kimoja. Miaka mitatu kabla ya hapo ningepatwa na hofu kuu. Lakini nilikuwa nimeshaelezwa kwamba fluoksetini hutoka mwilini polepole, kwa majuma kadhaa, na kwamba ikilazimu naweza kumeza kimoja siku moja na kuruka siku inayofuata. Nikavipanga juu ya meza, nikahesabu, vikanitosha siku ishirini na mbili. Nilikuwa na mambo mengi ya kuogopa wakati ule, na hilo halikuwa mojawapo.

Tangu nilipokutana na yule muuguzi nina daftari la shule lenye mstari katikati, upande mmoja maudhi, upande wa pili madhara, na ninalipeleka kila ninapokwenda kumwona daktari. Mwezi uliopita tulianza kushuka ngazi, na kwa sasa ninaendelea na utaratibu ule ule wa kumeza siku moja na kuruka moja. Upande wa madhara hauna kitu tangu lile jino. Upande wa maudhi, chini ya mwandiko wangu kuhusu usingizi wa kukatikakatika, nimekuta mstari mmoja kwa kalamu nyekundu ambayo si yangu: "Baba Furaha anakoroma tena."