Shimo au lifti? Uamuzi wa fundi mwenye gereji ya nyumbani

Mafundi wanaotengeneza magari uani kwao Dar es Salaam wamegawanyika. Wakongwe wengi wanasema shimo la kusimama chini ya gari linatosha, kwani limewaweka mjini miaka yote, halili umeme wala halidai vipuri. Vijana wanataka lifti ya nguzo mbili kama waliyoiona kwenye gereji kubwa, na lifti za kutoka China zimeshuka bei kiasi kwamba fundi mmoja akijibana anaweza kuipata. Kila upande una hoja. Ila naona mabishano yanaanzia pasipofaa, kwa sababu watu wanajadili mashine kabla ya kutazama sakafu itakayoibeba na paa lililo juu yake.

Shimo linadharauliwa kuliko linavyostahili. Likichimbwa kina cha mita moja na nusu hivi, likajengwa kwa tofali na kupigwa plasta vizuri, linapokea IST na Canter vilevile. Umeme ukikatika kazi inaendelea. Dari ikiwa fupi hakuna neno. Kwa kumwaga oili, kubadilisha ekzosi au kushusha propela shafti, fundi hahitaji zaidi ya hapo.

Taabu ni kwamba gari lililo juu ya shimo limekalia matairi yake, na kwa barabara zetu kazi inayoingia uani kila siku ni ya bushi, boljointi, shokapu na breki. Hapo fundi anarudi kwenye jeki na stendi, shimo likiwa wazi miguuni pake. Kisha kuna suala la hewa, ambalo wakongwe hawapendi kulizungumza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Paipu ikivuja, mvuke unashuka na kutulia chini kabisa ya shimo, palepale aliposimama mtu na taa yake ya waya. Cheche moja inatosha. Moshi wa injini iliyoachwa ikinguruma nao hujaa humo bila mtu kujua. Na maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani, masika yakianza shimo linajaa maji, na kazi inasimama mpaka yavutwe.

Lifti ya nguzo mbili, inayoinua gari kwa mikono minne chini ya bodi, inaondoa karibu yote hayo. Matairi yananing'inia, fundi anasimama wima, mgongo unapona. Kwa kazi za miguu ya gari hakuna kinachoishinda. Lakini nguzo zile zinashikiliwa na bolti zilizozama kwenye zege, na gari zima linategemea ubora wa zege hilo. Watengenezaji wengi wanataka unene usiopungua sentimita 10, wengine 15 au zaidi, na zege lililokomaa, ambalo kwa kawaida huhesabiwa siku 28. Sakafu nyingi za majumbani ni zege jembamba juu ya mawe, kisha niru ya kung'arisha. Linang'aa, linadanganya. Kabla ya kulipia lifti, toboa tundu moja kwa drili pale nguzo itakaposimama, upime unene kwa waya uliokunjwa ncha. Ukikuta sentimita sita, fedha ya lifti inunue kwanza saruji, kokoto na nondo. Hapo sina mjadala.

Kuhusu paa, hesabu ni rahisi lakini wengi hawaifanyi. Toyota Noah ina kimo cha takriban mita 1.85. Ukiiinua mita 1.8 ili usimame chini yake, juu yake inafika mita 3.65. Banda lenye kimo cha mita 3 linakuruhusu kuiinua mita 1.1 tu, yaani unalipia lifti ndefu halafu unafanya kazi umeinama. Kwa banda la mabati hilo linarekebishika, kwani nguzo zake huweza kurefushwa. Chini ya slabu ya nyumba halirekebishiki, na hapo naona lifti ya mkasi, yaani inayojikunjua kama mkasi chini ya gari na kuliinua kama mita moja, ni chaguo la busara. Unafanya kazi umekaa kwenye stuli, breki na shokapu zinafikika vizuri, na baadhi ya lifti za mkasi zinasogezeka. Ubaya wake ni kwamba mkasi wenyewe unaziba katikati ya gari, kwa hiyo kushusha giaboksi ni mateso.

Lifti ya nguzo nne siishauri uani. Inakula nafasi, na gari linakaa kwenye matairi vilevile mpaka ununue jeki ya ziada ya kupachika katikati.

Umeme nao usipuuzwe. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, kwa hiyo mota iagizwe ya njia moja, volti 220 hadi 240. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili: lifti nyingi za haidroliki hukalisha gari kwenye kufuli za chuma, na ili kufuli ziachie lazima kwanza uliinue gari kidogo. Umeme ukikatika gari likiwa limekalia kufuli, linabaki huko juu na mteja anasubiri getini. Uliza kama kuna pampu ya mkono, au uwe na jenereta yenye nguvu ya kuiwasha ile mota.

Halafu kuna aliyepanga, na mafundi wengi wamepanga. Shimo na zege nene vyote vinabaki kwa mwenye nyumba siku mkataba ukiisha. Nguzo mbili unaweza kuzifungua na kuondoka nazo, lakini kule uendako unaanza upya na sakafu. Kwa fundi wa namna hiyo, mkasi wa kusogezeka na stendi nne imara vina faida kuliko vyote viwili wanavyogombania watu.

Mwenye kiwanja chake na banda refu aweke nguzo mbili za tani 4; hata Land Cruiser kubwa inabebeka. Ila kila gari, liinue matairi yaachane na sakafu kwa shubiri moja tu, ulitikise kwa nguvu mbele na nyuma, uchungulie mikono yote minne, ndipo ulipandishe. Na ukikusudia kushusha injini, weka stendi ndefu chini ya nyuma ya gari mapema, kwa maana uzito wa mbele ukiondoka nyuma inalemea.