Seli namba tano

Jamani chekeni tu, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Gari langu la umeme nimeliunga mwenyewe, seli 24 za lithiamu zimefuatana mstari mmoja, na kuna BMS, kile kifaa cha kulinda betri, inasoma volti za kila seli inanitumia kwenye simu. Ikaanza kulalamika seli namba 5 inaisha mapema, na ikigusa volti 2.5 tu BMS inakata umeme wote hata kama zile 23 bado zina nguvu.

BMS inabalansi yenyewe, yaani inazipunguza zilizojaa zilingane na zenye njaa, ila yangu inapunguza kwa miliampea 50 tu na pengo langu lilikuwa kama ampea-saa 15, piga hesabu, hiyo ni saa 300. Nani ana subira hiyo? Nikachukua chaja ya seli moja, nikahesabu moja mbili tatu nne tano, nikabana vibanio, nikaenda kulala kifua mbele kama injinia.

Kesho yake gari likaenda umbali mfupi zaidi. Nikasema hii seli ina njaa ya miaka, nikailisha tena, na usiku wa tatu tena. Mita nayo haikunisaidia, maana hizi za fosfati ya chuma zinakaa 3.2 mpaka 3.3 karibu safari nzima, yenye njaa na iliyovimbiwa sura moja.

Likazima kilimani. Mke wangu akashuka akasukuma na viatu vyake vya kutokea, hakusema neno, na hapo ndo nikaogopa. Tulivyofika nikachomeka chaja kubwa, dakika chache tu ikakata. Akachukua simu. Seli ya 20 iko 3.65, imejaa pomoni ndo maana chaja imekata, ya 5 bado iko chini kabisa.

"Baba watoto, hii simu inaanza kuhesabia upande gani?"

Inaanzia hasi. Mimi nilianzia chanya, kisa ndo upande nilikosimama. Tano yangu ni ishirini yake! Siku tatu namnenepesha aliyeshiba, yule mgonjwa ananiangalia tu.

Ikabidi niipunguze ile ya 20, nikaifunga taa kuukuu ya gari, ya volti 12, kwa seli moja ikawaka kama kibatari. Usiku kucha inawaka sebuleni, mtoto akauliza hiyo ni adhabu ya seli au ya baba, mama yake akamwambia nenda kalale.