Law School ya Tanzania: chujio ndo bovu au tui lina machicha?

Mnaikumbuka ile karatasi ya matokeo ya Law School, shule wanayopitia wenye digrii ya sheria ili wawe mawakili, ya Oktoba 2022 ilivyozunguka kwenye magrupu? Watahiniwa 633, waliopita moja kwa moja 26, wenye sapu 342, waliodisko, yaani walioondolewa shuleni, 265. Siku ile kila mtu alikuwa na la kusema, mpaka ambao hawajui Law School ipo wapi, na Ndumbaro, waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati chini ya Dk Mwakyembe kuchunguza kulikoni.

Kwanza tuwekane sawa, wale 342 hawakufukuzwa, walikuwa wanarudia baadhi ya masomo, kwa hiyo kusema asilimia 96 wamefeli ni kukuza mambo. Ila hata ukiwatoa hao, 265 ni watu wengi jamani, zaidi ya wanne katika kila kumi, na wote wana digrii ya sheria mkononi.

Wanaoitetea shule wanasema uwakili sio mchezo, mteja akikosea kuchagua wakili anaweza kupoteza kiwanja au kwenda jela. Na kutoka chuo kikuu kimoja tulichoanza nacho 1961 sasa tuna utitiri wa vyuo vinavyofundisha sheria, ada inaingia, mtu anamaliza na GPA nzuri ila ukimwambia aandike hati ya madai anakuangalia tu. Hapa nawaunga mkono kabisa, kuna machicha huko vyuoni yanapitishwa tu.

Upande wa pili nao wana hoja na mi naona ni nzito zaidi. Hii shule ilianzishwa kwa sheria ya 2007 na ikaanza kupokea watu 2008, lengo likiwa mafunzo ya vitendo. Sasa kama ni vitendo mbona hatima ya mtu inaamuliwa zaidi na mtihani wa kuandika? Halafu shule inafundisha yenyewe na kutahini yenyewe, wakifeli wengi hivyo mwalimu haulizwi? Kenya wametenganisha, Kenya School of Law inafundisha, Baraza la Elimu ya Sheria linatahini. Na huko bado watu wanafeli vizuri tu, kwa hiyo sisemi ndo dawa, ila angalau ukifeli huna wasiwasi kwamba lecha fulani alikukamia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalipitia juu juu nalo ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale inapolazimu. Mahakama ya mwanzo ndo tangu zamani ni Kiswahili. Lakini kijana anasoma sheria kwa Kiingereza, anajibu mtihani kwa Kiingereza, akishaapishwa anaenda kumtetea bibi wa mirathi kwa Kiswahili ambacho cha kisheria hajawahi kufundishwa. Tunampima kwa lugha moja, tunamtuma kazini na nyingine. Najua mtaniambia hukumu za miaka yote za Mahakama ya Rufani ziko kwa Kiingereza, mikataba ya gesi na madini ndo usiseme, na wakili asiyekisoma Kiingereza ataliwa na wakubwa. Kweli kabisa, asome. Ila kusoma hukumu ya kurasa 40 ukaielewa ni kitu kimoja, kumwaga insha ya Kiingereza ndani ya masaa matatu ni kingine.

Kuna wazo la kuweka mtihani wa kujiunga na Law School, mi silipingi, bora uambiwe mapema kuliko kukopa hela kwa wajomba na shangazi halafu udisko. Ila ukiwekwa huo mtihani bila kugusa vyuo wala lugha, wale 265 watakuwepo tu, tofauti ni kwamba watakuwa wamezuiwa nje ya geti na hakuna karatasi ya matokeo yao itakayozunguka kwenye magrupu.