Gasketi ya hedi: jenyuini au kopi, na kwa nini hilo sio swali la kwanza

Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, Ipsum yake imechemsha akiwa anarudi kutoka Morogoro. Akafanya kile ambacho wengi tunafanya, akasubiri ipoe, akaongeza maji, akaendesha mpaka ikachemsha tena, akarudia hivyo mpaka akafika Dar. Saa hizi oili kwenye dipstiki imekuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, na hedi, kile kichwa cha injini, imeshashushwa. Mkwe wake anasema, baba, nunua gasketi jenyuini ya Toyota au usifunge kabisa. Fundi anasema bosi, kopi nzuri ya Taiwan inakutosha, hiyo hela ya jenyuini ni ya nini. Juzi wamebishana mpaka kahawa ikapoa, na mi nikiwa katikati nikaona wote wawili wana hoja ila wote wameanzia katikati ya habari.

Tuanze na mkwe maana hoja yake ni nzito. Gasketi ya hedi inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana, moto wa silinda, maji na oili, na inafanya hivyo ikiwa imebanwa kati ya vyuma viwili vinavyotanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima. Kwenye injini kama 1KZ ya Prado na Surf ndo balaa zaidi, kwa sababu hedi ni aluminiamu na bloki, mwili wa injini ambao hedi inakalia, ni chuma cha kusubu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo hedi ni kama inaisugua gasketi kila siku. Gasketi za kisasa zimetengenezwa kwa tabaka kadhaa za bati lenye springi, zimepigwa tuta jembamba kuzunguka kila tundu la silinda, halafu zimepakwa raba nyembamba sana. Lile tuta ndo linalorudi juu hedi inapotaka kuinuka. Sasa anayetengeneza ya bei chee anapunguza palepale usipopaona, bati linakuwa laini, tabaka zinapungua, raba inabanduka mapema. Ukiziweka mbili kwenye kaunta hutaona tofauti, mi mwenyewe sioni. Unalipia bei kubwa ili usilazimike kuamini macho yako.

Halafu kuna gharama ya kazi. Gasketi yenyewe ni kipande kidogo cha bili nzima, kuna kushusha hedi, kuichonga uso kwenye mashine mpaka unyooke, oili mpya, filta, kulanti, siku za kukosa gari. Ikivuja tena unalipa vyote upya kasoro tu ile tofauti ya bei uliyookoa. Hiyo hesabu inambeba sana mkwe.

Ila fundi naye hajakurupuka. Kwanza hilo neno "kopi" tunalitumia vibaya, tunaweka kapu moja gasketi isiyo na jina kabisa iliyofungwa kwenye nailoni na gasketi ya Victor Reinz au Elring za Ujerumani, au Stone ya Japani, kampuni ambazo kazi yao ni gasketi na baadhi yao zinauzia viwanda vya magari moja kwa moja. Watengeneza magari wengi gasketi wananunua kwa watu kama hao halafu wanaweka kwenye boksi lao. Kwa hiyo kuna wakati unaweza kupata mzigo wa kiwango kilekile kwenye boksi lenye jina lingine kwa bei ya chini, na fundi anayejua majina hayo sio mjanja wa mjini, ni mtu anayejua kazi yake. Tatizo ni pale anaposema "ya Taiwan" basi imetosha. Taiwan ni nchi, muulize jina la kampuni.

Pili, jenyuini yenyewe sio malaika. Waulize wenye Subaru. Zile injini za EJ25 lita 2.5 zisizo na tabo, za mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenda 2000, Marekani zimejulikana kwa gasketi ya hedi kuliko kwa kitu kingine chochote, na iliyokuwa inavuja ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mafundi wengi wakaishia kufunga gasketi ya tabaka nyingi ya toleo la tabo, ambayo nayo ni ya Subaru wenyewe. Kwa hiyo "rudishia kama ilivyokuja" kuna injini inakurudisha kwenye tatizo lilelile. Tatizo hapo lilikuwa muundo, boksi lilikuwa halali kabisa.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mzee, mkwe na fundi wote walikiruka. Gasketi inalala juu ya nini?

Injini nyingi za petroli za Toyota kitabu kinaruhusu hedi iwe imepinda isizidi milimita 0.05. Karatasi ya kawaida ya kuprintia ina unene wa kama 0.1, yaani nusu ya karatasi tu ndo mwisho wa ruhusa. Hedi iliyochemka kutoka Morogoro mpaka Dar ukiiangalia kwa jicho ni nyoofu kama kioo, na ukiipima kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, unaweza kukuta imepita hapo. Na gereji ngapi zina rula ya kupimia? Nyingi inapelekwa tu kwa mchongaji, inarudi inang'aa, watu wanaridhika. Kung'aa sio kipimo. Hizi gasketi za bati zinataka uso laini sana kwa sababu ile raba ni nyembamba, haiwezi kujaza mikwaruzo. Zile za zamani za nyuzi na grafaiti zilikuwa laini, zinavumilia uso wenye ukakasi. Matokeo yake ni kichekesho, ukiweka gasketi ghali ya tabaka nyingi juu ya hedi iliyochongwa ovyo inaweza kuvuja kabla ya ile ya bei ndogo ya grafaiti, kama inapatikana kwa injini yako. Hapa ndo baadhi ya wanaoapa kwa kopi wanapopata ushahidi wao, na sio waongo, wanasema walichokiona. Kilichowabeba ni ulaini wa gasketi kwenye uso mbaya.

Na bloki je? Hedi inakwenda kuchongwa ila bloki inabaki kwenye gari, inasafishwa kwa msasa, tena wengine wanaweka diski kwenye grainda na kuzungusha. Hapo unafanya makosa mawili kwa mpigo, unachimba mabonde madogo kwenye aluminiamu, na vumbi la msasa linashuka kwenye oili likaenda kula beringi za krenki. Miezi mitatu baadaye injini inagonga, watu wanasema gasketi ilikuwa feki. Lile ni zoezi la kukwangua taratibu kwa kitu butu na kimiminika cha kulainisha, linachosha, halina picha nzuri.

Bolti nazo. Kwenye injini nyingi za sasa bolti ya hedi inafungwa kwa toku, yaani nguvu ya kukaza iliyopimwa, halafu inazungushwa kwa nyuzi za pembe, mfano 1NZ ya IST na Probox inaanza na Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha 90 tena. Ile mizunguko inaivuta bolti kama raba ili ishikilie. Bolti iliyokwisha kuvutika ukiirudishia haibani vilevile, ndo maana kuna kiwango cha urefu cha kupima kabla ya kuirudisha. Fundi wa "nimefunga kwa mkono, nina uzoefu" mi namheshimu kwa mengi ila hapa hapana. Binafsi ukiniambia nichague kati ya gasketi jenyuini na bolti za zamani, au gasketi ya daraja la kati na bolti mpya, nachukua ya pili bila kufikiria.

Na kwa Ipsum ya mzee kuna jambo la ziada. Injini yake ni 2AZ, ndugu yake na iliyoko kwenye Harrier 2.4 na Alphard, na ugonjwa wake unaojulikana ni meno ya bolti kung'oka kwenye bloki ya aluminiamu, hasa za upande wa nyuma. Bolti inazunguka tu, haikamati. Gari ya namna hiyo unaweza kuifungia jenyuini tatu mfululizo na zote zikavuja, kwa sababu inayotakiwa ni kutoboa na kupachika meno mapya ya chuma. Nilipomuuliza fundi kama bolti za nyuma zilitoka kwa ugumu au zilitoka kama zipo kwenye siagi akakaa kimya kidogo, akasema mbili zilikuwa laini. Basi.

Habari ya feki nisiipite, maana ndo inayoharibu hoja ya mkwe. Kwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar, na kulipa bei ya jenyuini hakukuhakikishii kwamba umepewa jenyuini. Maboksi yanachapwa. Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia ila wewe uko kaunta saa saba mchana, jasho linatoka, hakuna wa kukukagulia. Mi nilishauziwa boksi lenye nembo safi kabisa, ndani gasketi matundu ya maji mawili hayakutoboka. Angalau nenda na namba ya chesisi, tafuta namba ya spea kabla hujatoka nyumbani. Gasketi ya hedi ya Toyota namba yake inaanza na 11115, na seti ya kupandishia hedi inaanza na 04112. Muuzaji akianza "hii inaingia tu" ondoka. Na kama huna duka unaloliamini, Elring au Reinz kwa muuzaji anayetoa risiti ni salama kuliko jenyuini ya kubahatisha, hapo fundi anashinda.

Seti nzima nazo zina mtego wake, zile za bei rahisi sili za valvu ni ngumu kama plastiki, unapona kuvuja maji, unaanza moshi wa bluu wa oili inayoungua. Unaweza kununua seti ya kati kwa ajili ya mifuniko na manifodi, gasketi ya hedi na sili za valvu ukanunua peke yake.

Kuna wanaosema achana na yote, weka injini ya mtumba. Kwa gari ya teksi inayotakiwa barabarani kesho naelewa. Ila nayo ina gasketi ya zamani usiyoijua historia yake, na rejeta yako iliyoziba inaisubiri palepale.

Maana gari ilichemsha kwa sababu. Mzee alikuwa anatumia maji ya kisima, yenye chumvi, na termostati, ile valvu inayosimamia joto la maji, ilishatolewa zamani na fundi mwingine. Mfuniko wa rejeta umelegea, na mfuniko mzima wa presha ya 1.1 ndo unaofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Jana nimempigia fundi. Hedi iko kwa mchongaji, meno yanapachikwa wiki hii, bolti mpya zimeagizwa, rejeta imepelekwa kufunguliwa. Mkwe ananiuliza sasa gasketi tunachukua ipi. Nimemwambia asubiri kwanza tujue hedi imekatwa kiasi gani.