Ukimletea mtoto PS, iweke sebuleni

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia sauti WhatsApp kutoka Tanga: "Mdogo wangu, ukija Julai tuletee PS5, hawa watoto watulie ndani." Niliisikiliza nikiwa stoo, saa ya mapumziko, chai mkononi. PS5 ni PlayStation, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV. Namjibu hapa kwa sababu hayuko peke yake. Shemeji kaomba, jirani yetu wa zamani kaomba, na wote wanamalizia na maneno yale yale: watulie ndani.

Huu ni mwaka wangu wa nne nauza gemu kwenye duka moja hapa Leicester, Uingereza. Watoto waliotulia ndani ndio wateja wangu.

Tunafungua saa tatu asubuhi. Mgeni wa duka hushtuka akichukua boksi rafuni na kukuta halina kitu, maana diski zote tunaziweka kwenye droo nyuma ya kaunta kwa kuogopa wezi. Siku hizi zipo gemu ambazo hata kwenye droo hazina diski: ndani ya boksi mna karatasi yenye namba, unaenda nayo nyumbani unapakua kwa intaneti. Asubuhi huja watu wazima kuuza gemu walizokwisha kuzimaliza. Naigeuza diski chini ya taa nitafute mikwaruzo, naifuta kuanzia katikati kwenda nje, nataja bei, mtu anakunja uso, tunaelewana.

Saa tisa na nusu shule zinatoka. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, kwa hiyo watoto wanaingia na giza lao. Yupo mmoja huja kila Ijumaa, kijana mpole, anasema tafadhali na asante. Ananunua kadi ya pauni 20 ya kuongeza salio kwenye gemu yake, basi. Siku moja nikamuuliza anacheza na nani. "Na marafiki zangu." Wanaitwa nani? Akanitajia majina matatu ya kwenye skrini, yote yana namba mwishoni. Nikauliza majina yao hasa. Akafikiri kidogo, akasema hayajui.

Nilirudi nyumbani na jibu lile nikashindwa kulala, nikawaza Ngamiani, kule Tanga.

Miaka ya PS2, mama alikuwa akinituma karibu kila jioni: "Kamtoe kaka yako kwenye hilo banda la wahuni." Nafika, nasimama kwenye pazia la kanga. Ndani kuna TV mbili za chogo, mabenchi ya mbao, joto la watu ishirini, na pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, ambayo waya wake umefungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Shilingi 200 mechi moja, na aliyefungwa ndiye analipa, anapisha. Wote wanajuana, yule ni mtoto wa fundi cherehani, huyu mjukuu wa bibi anayeuza mihogo. Mwenye banda hakuruhusu mtu mwenye sare za shule kukanyaga pale asubuhi, kwa sababu alijua mwenyekiti wa mtaa angekuja kulifunga kesho yake.

Alikuwapo kijana mmoja ambaye hakuwa na hela hata siku moja. Akasimama nyuma ya benchi, akaanza kutangaza mechi kama redioni: anauchukua, anampa mwenzake, anamlamba chenga beki, lo! Watu wakamzoea hadi siku asipokuja mechi zinapooza. Mwenye banda akawa anampa mechi moja ya bure kila jioni kwa kazi ile. Mimi nilikuwa nachelewa kumrudisha kaka kwa sababu namsikiliza yule, na mama akatuchapa sote wawili. Hapa Leicester nawaona watoto kwenye basi, spika masikioni, wanatazama kwenye simu mtu wasiyemjua akicheza na kutangaza. Yeye hawajui, nao hawamjui.

Mama hakukosea kote. Kaka alikula hela ya madaftari pale. Wakubwa waliweka dau, na mara mbili nilishuhudia ngumi. Tena lipo moja linaniuma hadi leo: miaka yote ile sikuwahi kushika pedi. Msichana alisimama kwenye pazia, basi. Pedi ya kwanza nimeishika Leicester, nikiwa na miaka 29, na nililia kwa raha nilipofunga bao. Hapo Uingereza imetushinda. Binti anaingia dukani kwetu, anauliza gemu anayotaka, na hakuna anayemwangalia mara mbili.

Wametushinda pia kwenye umri. Kila boksi lina namba, 3, 7, 12, 16 au 18, na tangu 2012 ni kosa la jinai kwa duka kumuuzia mtoto gemu ya 12, 16 au 18 kama hajafikisha umri huo. Naomba kitambulisho, na asiyenacho namrudisha. Kisha Jumamosi anakuja mama na mtoto wa miaka tisa, mtoto ananyoosha kidole kwenye boksi la 18, mama anatoa kadi. Huwa namwambia waziwazi kilichomo, watu wanapigwa risasi na damu inaonekana. Wapo wanaorudisha. Wengi wananijibu: "Anacheza chumbani kwake, hasumbui mtu." Tafsiri ya watulie ndani hiyo.

Mteja mmoja sitamsahau. Mzee wa Kihindi, alinisikia nikizungumza na simu, akasubiri nimalize, akasema: "Hujambo, mwanangu." Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba safi kabisa. Alizaliwa Mwanza, akahamia huku miaka ya sabini. Alikuja kumnunulia mjukuu mashine. Nikamweleza kwamba ndani ya boksi mna pedi moja tu, ya pili inauzwa mbali, pauni 60 hivi. Akasema weka. "Sisi Mwanza tulikuwa na keram. Wanne wanacheza, kumi wamesimama. Huyu atacheza na mimi."

Kwa hiyo dada, PS5 nitaileta. Lakini isikae chumbani kwa watoto. Iweke sebuleni, pale TV ilipo, wewe ukipita na sufuria uone wanacheza nini. Usifunge mlango wa uani. Mtoto wa jirani akichungulia, mwite aingie, avue viatu, angoje zamu. Zamu ya kwanza mpe binti yako, kabla ya kaka zake. Namba kwenye boksi nitakuchagulia mimi mwenyewe, si zaidi ya 7 kwa yule mdogo. Umeme ukikatika, watoke nje wakabishane baraza kuhusu nani alikuwa anaongoza.

Pedi ya pili nimeshainunua. Imo kwenye begi, chini ya viatu vya mama.