Mafarisayo Tumewaonea

Katika mahubiri mengi niliyoyasikia, Farisayo, mtu wa kundi la Kiyahudi la wakati wa Yesu lililoishika sheria ya Musa kwa makini, ana kazi moja tu: kuwa mnafiki. Akitajwa jina, waumini wanajua tayari kwamba anakuja kumtega Yesu. Mimi naona tumewaonea watu hawa, na kwa kuwaonea tumejinyima kuelewa imani yetu ilizaliwa katika nyumba gani.

Chukua suala la ufufuo wa wafu. Masadukayo, kundi jingine la Kiyahudi ambalo wengi wao walitoka katika koo za makuhani na matajiri wa Yerusalemu, waliukataa. Mafarisayo waliuamini. Kwa hiyo Mkristo anayekiri kanisani kwamba anangojea ufufuo, katika ubishi ule wa karne ya 1 yuko upande wa Mafarisayo. Paulo alilijua hilo. Aliposimamishwa mbele ya Baraza kuu la Wayahudi, alipaza sauti kwamba yeye ni Farisayo, mwana wa Mafarisayo. Baraza likagawanyika papo hapo, na waandishi, yaani walimu wa sheria, wa upande wa Mafarisayo wakainuka kumtetea. Hayo aliyasema miaka mingi baada ya kuongoka kwake njiani kwenda Dameski, akiwa mtume tayari.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi hakimo katika Biblia. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyezaliwa mwaka 37, anasimulia yaliyotokea mwaka 62. Liwali wa Kirumi Festo alikuwa amefariki, na mrithi wake Albino alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu Anasi, Msadukayo na mwana wa yule Anasi wa kwenye Injili, akatumia mwanya huo kuitisha baraza, na Yakobo nduguye Yesu akatolewa apigwe mawe pamoja na wengine. Waliochukizwa ni watu wa mji waliosifika kwa kuishika sheria kwa makini, na wataalamu wengi wanaona kwamba hao walikuwa Mafarisayo. Walimpelekea mfalme Agripa malalamiko kwa siri. Baadhi yao wakamfuata Albino hukohuko njiani, wakamweleza kwamba Anasi hakuwa na haki ya kuitisha baraza bila idhini yake. Agripa akamvua Anasi ukuhani mkuu, akiwa ameushika miezi mitatu tu.

Najua Mathayo 23 ipo, ambamo Yesu anawaambia Mafarisayo "ole wenu" tena na tena, na zile ole zake ni kali. Siziondoi. Ila manabii wa Israeli nao waliwakaripia watu wao kwa ukali uleule, na sura hiyohiyo inaanza kwa kuwaambia wafuasi wayashike wanayofundishwa na Mafarisayo. Tena Warumi walipoliteketeza Hekalu mwaka 70, Masadukayo walififia pamoja nalo. Wakabaki walimu waliorithi njia ya Mafarisayo, na wafuasi wa Yesu, kila upande ukidai ndio unaoisoma Torati ipasavyo. Wataalamu wengi wanaona Injili ya Mathayo iliandikwa baada ya hapo, ubishi ukiwa umepamba moto. Yalikuwa maneno ya ndugu waliokosana. Yalipochukuliwa na watu wasio Wayahudi, wenye dola mkononi, yaligeuka silaha, na Wayahudi wa Ulaya wakateswa kwa karne nyingi.

Kanisa Katoliki lilishutumu chuki hiyo waziwazi mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Walimu wetu wa katekisimu na wa shule za Jumapili wangeweza kuanza na Luka 13:31, wawasomee watoto jinsi Mafarisayo walivyomjia Yesu kumwambia aondoke upesi, kwa sababu Herode alitaka kumwua.